Koleo la Theluji

Majirani wa Hombolo wanauliza nimerudi na nini.
Nawaonyesha koti. Wanalipapasa, wanacheka:
hapa jua la Novemba linakausha hata mate,
koti hili atavaa nani, sanamu la kufukuzia ndege?

Mengine siwaonyeshi.

Siwaambii afisa kijana wa uwanja wa ndege
alivyofungua mfuko wa mlenda mkavu, akanusa,
akauliza. Mimi, mwalimu wa miaka thelathini na mmoja,
niliyewachapa watoto kwa kukosa jibu,
nikasimama mdomo wazi.
Nikawakumbuka. Kwa majina.

Kule Oulu, Sechelela alinishika mkono kuvuka barabara.
Nilitaka kuuchomoa.
Mkono ule ule niliufundisha kuchuma zabibu bila kuziminya.
Nikauacha.
Gari halikuwepo hata moja; tulisubiri taa tu,
watu wazima wawili,
barabara tupu kama korongo la kiangazi.

Siku ya tatu nikaomba jembe, nisiitwe mgeni.
Akanipa koleo la theluji.
Nikasafisha njia mpaka langoni, nikajisifu.
Asubuhi ilikuwa imejaa tena, kana kwamba sikuzaliwa.
"Ndivyo ilivyo, baba," akasema, akavaa buti.

Miaka tisa anaamka hivyo, gizani, peke yake,
na kila Jumapili kwenye simu nilimuuliza mshahara,
nikamuuliza atajenga lini.
Baridi sikuiuliza.

Usiku mmoja nikamsikia akilia jikoni.
Zamani ningekohoa mlangoni, kisha hotuba.
Nilibandika maji.
Nikasonga ugali wa kwanza maishani mwangu,
madonge matupu, umeungua chini.
Tukaumaliza.
Hakusema kilichomliza. Mpaka leo sijui.

Mama Seche anadai nimerudi mpole kama mgonjwa.
Juzi mjukuu wa Chilongani alikosea hesabu hapa kibarazani,
akautazama kwanza mkono wangu.
Nikauficha chini ya daftari, nao ukanionea aibu.

Leo Jumapili. Niko shambani, mkasi mkononi,
mizabibu inasubiri kupogolewa, simu inaita.
"Njia imejaa?" nauliza.
"Imejaa, baba."
"Basi safisha. Usikate."
Naiweka simu juu ya nguzo,
namsikiliza akikwangua,
nami nakata tawi, nakata tawi,
vumbi likinitua begani
taratibu, kama lile jeupe.