Zuio

"Wewe ni nani kwa marehemu?"
Wakili anauliza mara ya tatu,
na karani amekwisha kuinua kalamu.

Mke? Hapana.
Binti? Binti ni Yerusa, yule pale mbele na pochi yake,
na kaka yake Loti, anayezungusha funguo za gari kidoleni
kama tasbihi isiyo na dua.
Mfanyakazi? Mkataba uko wapi?

Nilishuka Hombolo nikitokea Kibondo,
mkasi wa kupogolea nimeuazima,
kibarua cha wiki mbili.
Mzee Chedego, ambaye trakoma ilikwisha kumfunga macho,
alinishika kiganja, akapapasa sugu,
akasema, huyu abaki.
Nikabaki miaka kumi na mmoja.

Alfajiri tuliingia shambani.
Mstari kwa mstari aligusa mashina:
"Mbukwa," akaliambia hili, "Mbukwa," akaliambia lile,
na lililonyauka alilipa pole.
Jioni nilimsomea meseji za wanawe.
Zilipokoma kuja
nilimsomea za mwaka juzi
kana kwamba zimeingia sasa hivi.
Hilo sijamwambia hakimu.

Wosia ulipofunguliwa,
ekari mbili na nusu, kisima, kiti chake cha ngozi,
jina langu lilisikika kama kikohozi katikati ya sala.
Walisema, hili dole gumba si la baba.
Walisema, Muha huyo, dawa za kwao mnazijua.
Walisema, kipofu ataridhiaje asichokiona?

Basi likatoka zuio:
asikanyage mtu shambani, wa damu wala wa jasho,
hadi hukumu.
Ikaahirishwa Oktoba. Ikaahirishwa Novemba.
Wakili ana udhuru. Jalada halionekani.
Hakimu amehamishiwa Manyoni.

Mzabibu haujui tarehe ya kutajwa kwa kesi.
Usipoukata kabla ya mvua
unakwenda majani matupu, unajikumbatia, unajinyonga.
Mali inalindwa hivyo,
mpaka ife.

Siku moja Loti alikuja peke yake, kwa miguu.
Tukasimama nje ya ua, yeye kule, mimi huku.
"Hivi," akauliza, hanitazami,
"ule wa kwanza, aliopanda mama, ni upi?"
Nikamwonyesha.
Hakusema asante. Alisimama tu,
vumbi likamjaa viatu.

Leo nimepita na ndoo yangu.
Tawi moja limepenya seng'enge,
limelala huku barabarani, upande wa mbuzi na wapita njia,
upande ambao hakuna aliyeukatia rufaa.
Nikatua ndoo.
"Mbukwa," nikaliambia.
Nikapapasa kwa kidole, nikahesabu macho mawili
kama alivyonifundisha asiyeona,
nikakata.