Uzito wa Mpira

Tallinn, Desemba. Saa kumi alasiri na taa za barabara zimeshawaka.
Mwalimu Helve anagonga meza kwa penseli:
"Leo mpira tu. Udunde, basi."

Nikauchora, karatasi ishirini na nne,
nikazipeperusha kwa dole gumba:
ukashuka kama lifti, ukapanda kama lifti.
Urmas akacheka.
"Hauna uzito," akasema Helve. "Hauogopi sakafu."

Nikafuta. Nikaubonda kidogo pale unapogusa chini,
nikaurefusha unapochomoka.
Juu kabisa nikaisongamanisha michoro, ukawa kama unasita;
karibu na sakafu nikaiachanisha, ukapata haraka.
Ukubwa ule ule, tumbo tu limehama.

Nyumbani, bibi Leida, mama wa mama, anainuka kitini.
Miaka ishirini namtazama akiinuka; leo ndiyo nimeona:
kwanza anarudi nyuma,
anavuta pumzi, vidole vinatafuta mbao,
kichwa kinatangulia, kiuno kinafuata,
na sketi, yeye akishasimama,
bado iko njiani.

"Unaniangalia nini?"
"Rudia, bibi."
"Nirudie kusimama? Kwa goti hili?"

Akaketi, akanuna, akarudia.

Nilichora hadi chai ikapoa, karatasi sitini na moja.
Kwenye ya thelathini nikakwama: hayuko kitini, hajasimama,
mkono mmoja unaelea.
Nikaichora tena, vile vile, mara nne.

Helve atasema nimezidisha.
Najua.
Lakini goti lile linauma;
acha apumzike hapo hewani.