Shati la Shilingi Sabini

Shanga za kuchujia zimekwama forodhani
mwezi wa tatu sasa. Karatasi moja haina muhuri,
muhuri una mwenyewe, na mwenyewe yuko likizo.
Seramu ya ngamia haijui likizo.
Inazeeka katika jokofu letu la Kabete,
chupa kumi na nne kwa mwandiko wa Osebe,
na ndani yake, tukiipata bila takataka,
mna dawa ya sumu ya swila.

Ndipo nikashuka Gikomba alfajiri,
bale linafunguliwa, mikono inagombana,
nikakuvuta wewe: pamba tupu, kola imelika,
mfukoni jina limetariziwa kwa herufi nisizozisoma.
"La mzee nyumbani?" akauliza muuzaji.
"La protini," nikamwambia.
Akacheka, akapunguza kumi.

Nilikufumua uzi kwa uzi,
nikakuchemsha na magadi mpaka jasho la bwana wako wa kwanza
likapanda juu, povu la kijivu.
Rangi ya buluu niliitoa Mtaa wa Biashara,
ile ile ya vitambaa, ikakuingia isitoke.
Osebe: "Kumbe umefungua udobi."

Lakini buluu ile ina tabia zake.
Albumini ikipita huishika mkono
kama shangazi wa arusini: hutoki hapa hujala.
Kingamwili hazina undugu nayo,
hupita, zikaenda zao.

Nikakushindilia katika mrija wa kioo,
si sana, usije ukakabwa koo,
si kidogo, seramu ikakukwepa kandokando.
Saa nne usiku stima zikapotea.
Pampu kimya.
Nikapanda stuli, nikainua chupa juu ya kichwa,
simu mdomoni ikinimulikia,
nikaiachia ardhi ivute yenyewe:
tone.
Tone.

Asubuhi, jeli: kingamwili zimejichora wazi,
na pale albumini ilipozoea kukaa
kivuli chembamba, kama neno lililofutwa vibaya.
Osebe akapiga makofi. Mimi nikakitazama kivuli.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo.
Hujamponya mtu bado.
Leo narudia kwa mkono wako wa kushoto,
wa kulia umekwisha.
Kifungo chako kimoja kimo mfukoni mwa koti langu jeupe,
nakizungusha kwa kidole, nikihesabu matone.