Jibu Halieleweki

Saa kumi na dakika arobaini alfajiri, Pongwe:
jaribio la kuingia. Limekataliwa.
Dakika moja baadaye, limekataliwa.

Mistari hii ni kazi ya mikono yangu.
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani,
feni ikikoroma, chai ikipoa,
niliifundisha seva ya ushirika wa maziwa
kwamba kila abishaye hodi aandikwe:
saa, namba, simu gani, kaingia au kakwama.
Nenosiri lisiandikwe. Hata lililokosewa.
Hasa lililokosewa,
maana kosa la mtu hukaa jirani na siri yake.

Kwa hiyo sijui alijaribu nini.
Jina la ng'ombe? Mwaka wa ndoa?
Mtoto wa kwanza, yule asiyetajwa?

Mara ya tatu mlango hujifunga robo saa.
Niliamua hivyo bila kumuuliza mtu.
Akangoja. Robo saa kamili,
kama aliyekaa na saa kiganjani.

Kumi na dakika hamsini na saba: kaingia.
Simu ngeni, namba ileile,
namba ya Hoza Semkiwa,
lita kumi na nne kila asubuhi kwa miaka sita,
aliyezikwa Jumanne. Karani wa mizani aliniambia
huku akisuuza ndoo, hakuinua uso.

Simu ngeni, kanuni inataka onyo.
Onyo halina macho. Likaenda kwa marehemu:
*Kuna mtu ameingia kwenye akaunti yako. Ni wewe?*
Naiona simu ile ya vitufe ikiwaka
juu ya kabati, karibu na kofia.

Hakuhamisha hata shilingi.
Alifungua ukurasa wa lita, akausoma,
akarudi nyuma mwezi, akarudi mwaka,
hadi muda ukaisha, seva ikamtoa nje
bila kwaheri, kama nilivyoiagiza.

Jibu likaja saa kumi na moja na robo.
Seva inajua Ndiyo, inajua Siyo.
Yeye kaandika: *Ni mkewe. Natazama tu.*
*Jibu halieleweki*, seva ikamrudishia.
*Tafadhali jaribu tena.*

Hakujaribu tena.

Nimeufungua msimbo tangu asubuhi,
natafuta pa kuliweka neno la tatu.
Mizani ya Pongwe, saa moja, namba ileile:
lita kumi na moja.
Ng'ombe naye ana namna yake
ya kuujua mkono.