Viatu na Mfereji

Kapepula alikula pesa ya mabomba
akajisimamishia sanamu ya shaba hapa Katuba,
kidole kikielekea kilima cheusi cha mgodi.
Usiku mmoja wakakata kidole.
Mwezi uliofuata, mkono.
Leo vimebaki viatu viwili juu ya saruji,
na Mama Feza ana sufuria mpya, haulizwi.

Musoka hakuacha hata picha.
Aliacha mfereji:
mvua ya Januari hupita humo
kama mgeni anayejua njia.

Ila msiniulize nani bora.
Mfereji ulipita chumbani kwa baba;
Musoka alihesabu matofali, hakututazama.
Na karo yangu ya darasa la sita
ilitoka kwa Kapepula,
noti zilizokunjwa, zikinuka marashi.

Inanyesha. Nimelala pakavu,
nasoma kwa mshumaa
herufi alizonilipia mwizi.