Presha

Tulipoipita Ghaba, sindano ilianza kuinama.
Ilikuwa nane. Nikasema, joto la saa saba hilo.
Ikawa sita na nusu. Ikawa tano.
Kisha king'ora cha dashibodi kikalia bila haya,
kama mdai aliyekukuta mlangoni na mgeni.

Nikamnong'oneza Thuraya: "Presha inashuka."

Nyuma ya pazia, mamake akakunja mkono wa dera.
"Nipimeni basi. Tangu asubuhi naona vimulimuli,
nikanyamaza, nisiwaharibie safari."

Tulicheka, na katikati ya kicheko magurudumu yakakaba.
Ndivyo zilivyo breki hizi, wenye magari madogo hamjui:
upepo hauzibani, upepo ndio unaozishika zisibane.
Ukiisha, chuma hurudi kwenye tabia yake.
Tani kumi na moja zikajikita kwenye changarawe ya Haima,
sheli tunaiona, bango lake linawaka mchana kweupe,
na hatuwezi kuisogelea hata shibiri.

Tukampima mama. Yake ilikuwa imepanda.

Basi hili lilibeba mafundi wa mafuta huko Fahud.
Nililinunua mnadani, nikang'oa viti arubaini na vinne,
nikatia jiko, vitanda, msala, kabati la dawa.
Kila kitu nilikigusa isipokuwa mabomba.
Nilisema yanafanya kazi, yaache.
Sasa nimelala chini yake, shuka limetandikwa mchangani,
natega sikio.
"Zima injini. Zima feni. Zima jokofu.
Thuraya, acha kutafuna."

Kimya cha jangwa si kimya, kina malori.
Lori likipita nasubiri. Likishapotea nasikia:
sss,
ile ya mtu anayekusengenya chumba cha pili.

Sabuni ya vyombo ndani ya finjani,
brashi ya kupakia yai mikate ya ufuta:
nikapaka kiungo kwa kiungo, kama anayetibu ukurutu.
Cha kwanza kikatoa povu dogo, jicho la kinyonga.
Cha pili povu la kujivuna, likanipasukia usoni.
Nikakaza, nikazungusha tepu nyeupe, nikakaza tena.
Sindano ikapanda kidogo, ikanikana.
Kulikuwa na wa tatu.

Ilikuwa Ijumaa. Kuttan wa gereji alikuja baada ya alasiri
kwa baiskeli, pete za shaba zinalia kikapuni.
Aliibandua tepu yangu kwa ukucha, hakusema neno,
na hapo ndipo paliponiuma.
Akakata mpira kwa wembe, akausukuma, akauvuta kuujaribu.
"Na mwingine?" nikamuuliza. Akainua mabega.

Mama alikuwa ameshashuka na kigoda chake.
Akapitisha mkono chini ya ubavu wa gari, polepole,
mkono ule ule, una alama bado ya kitambaa cha kipimo,
akausimamisha nyuma ya gurudumu la kushoto.
"Hapa pananipuliza."

Mto wa upepo, umechanika kwenye mkunjo,
ufa mwembamba kama mstari wa kiganja.
Mpya uko Nizwa, Jumapili, inshallah.
Kuttan akaufunga kwa alichokuwa nacho,
akasema utavumilia, ila tusiwe na haraka.
Nikamwambia haraka tuliiacha Maskati.
Si kweli, lakini alikuwa amechoka, akacheka.

Usiku nyumba iliketi upande mmoja, kidogo kidogo.
Finjani ikateleza hadi ukingoni mwa meza.
Nikampa mama kitanda cha upande ulioinuka, akakataa.
"Mie nalala hapa palipoinama.
Damu itakuja kichwani yenyewe, isihangaike."

Alfajiri nikafungua daftari lake, safu ya presha:
mia na arubaini kwa themanini na tano.
Chini yake, kwa kalamu ile ile, nikaandika:
nyuma kushoto, nne.
Daktari wa Salala atajijua.

Nikawasha injini. Tukakaa watatu mbele, tumebanana,
tukiingojea sindano.
Mama anahesabu kwa tasbihi, sijui anahesabu nini.
Ilipofika sita aliacha, akafunga mkanda.