Malipo ya Kuonekana

Bwana Gervas Kirumbuyo aliketi dakika arobaini na mbili
katika kipindi cha Jungu Kuu, akaonja vyakula vya watu,
akalipwa milioni kumi na mbili na laki sita,
na zote, alisema akiikazia macho kamera, nawapa
watoto wa kliniki ya miguu, Kiborloni, Moshi.

Mimi ndiye mhasibu wa hiyo kliniki.
Sikupiga makofi. Nilichukua kalamu.
Laki tatu kwa dakika.
Elfu tano kwa sekunde.

Marudio ya Jumapili tuliyatazama wodini,
runinga juu ya kabati la plasta,
nami nikawa nahesabu kwa sauti, siwezi kujizuia:
amekunywa maji, sekunde nne, hiyo ni pamba ya wiki;
amejikuna sikio, bandeji mbili;
ameusifu mtori wa yule mama wa Machame,
akafumba macho, akatikisa kichwa, akafumbua,
sekunde saba, magongo jozi moja.
Aikande, ambaye mguu wake wa kushoto
ulikuwa bado unatazama ulikotoka,
akapiga kelele: Kohoa, mjomba! Kohoa!
Na kweli akakohoa. Wodi nzima ikashangilia.

Sitasema uongo: pesa zilikuja.
Wiki sita tu, zikiwa zimemegwa makato ya benki.
Wanaosema matajiri hutoa maneno
hawakuniona nikilipa deni la plasta
kwenye duka la dawa karibu na mnara wa saa,
mpaka mwenye duka akanifungulia soda.
Jungu kuu halikosi ukoko,
na ukoko hushibisha, uliza mwenye njaa.

Lakini kabla ya pesa ilikuja hundi ya kadibodi,
ndefu kuliko kitanda. Haikupita mlangoni.
Tukaishika uani, karibu na banda la kuku.
Mpiga picha alitaka Kibo ionekane nyuma.
Kibo ilikuwa imejifunika tangu asubuhi
na haikuwa na mpango wa kujifunua.
Yeye analalamika, mimi nacheka kimoyomoyo:
watu hupanga foleni Marangu, fedha mkononi,
kuutazama huo mlima. Leo mnautaka bure?

Basi wakachukua watoto.
Vua soksi, mama. Geuka kidogo.
Usitabasamu. Haya, sasa tabasamu.
Aikande, sekunde tisa.
Ndelilio na plasta yake ya kwanza, sekunde sita.
Pacha wa Uru, kumi na moja kwa pamoja,
maana mmoja alikuwa analia
na kilio, walisema, kimetoka vizuri.

Usiku ule nilifungua daftari la mapato.
Tarehe. Mtoaji. Kiasi. Maelezo.
Nikaandika jina la Bwana Kirumbuyo, na kiasi chake,
na kwenye maelezo: malipo ya kuonekana.
Kalamu ikabaki hewani.
Kisha chini yake, kwa mwandiko uleule:
Aikande wa Njoro, miaka sita, elfu arobaini na tano.
Ndelilio, elfu thelathini.
Pacha wa Uru, elfu hamsini na tano.
Maelezo: kama hapo juu.

Mkaguzi alikuja Machi, kutoka Arusha,
akishuka ukurasa kwa rula. Rula ikasimama.
Hii laki na thelathini, mama, iko wapi?
Nikamwambia: walitoa yote.
Risiti?
Risiti sina. Nikamwelekeza dirishani.

Uani ile hundi ilikuwa imelazwa chini,
wino umepauka, kuku wamedonoa sahihi.
Aikande alikuwa anaruka
kutoka sifuri hadi sifuri, zipo tano,
akitua kwa miguu yote miwili,
wa kushoto ukichelewa kidogo.

Mkaguzi alitazama kitambo.
Halafu akaandika kitu pembeni kwa penseli,
maandishi madogo mno.
Sijajaribu kuyasoma.